Jinsi ya kuomba nakala za kesi ya mtoto Mombasa bila kumwanika

Mpwa wangu alikuwa na miaka 16 alipofikishwa mbele ya hakimu wa watoto. Kesi iliisha akaachiliwa. Sasa amepata kazi, na mwajiri anataka karatasi inayoonyesha jambo lile lilimalizikaje. Nilidhani ni shughuli ya asubuhi moja. Ilichukua wiki tatu.

Anza kwa kujua faili liko wapi. Watoto wa kisiwani kesi zao huwa Mahakama ya Watoto ya Tononoka, lakini mtoto aliyeshtakiwa pamoja na mtu mzima kesi yake husikizwa mahakama ya kawaida, kwa hivyo faili utalikuta kwengine. Tafuta karatasi ya dhamana au yoyote yenye nambari ya kesi na mwaka.

Faili la mtu mzima halina mambo mengi: barua, ada, risiti, unaperuzi mbele ya karani. La mtoto sivyo. Kifungu cha 50 cha Katiba kinataka kesi isikizwe hadharani, ila kinaruhusu watu na waandishi wa habari watolewe nje ili kuwakinga wanyonge. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inakataza kutangaza lolote la kumtambulisha mtoto. Usiende na kifungu cha 35 cha Katiba, cha haki ya kupata habari, ukadhani kitakufungulia. Sheria ya 2016 iliyotokana nacho inaipa ofisi siku 21 za kukujibu, lakini hiyo hiyo inalinda siri ya mtu.

Mimi nilikwama kwenye barua. Nilichapiwa saiba, yaani duka la kompyuta, na kijana wa pale akanihakikishia ameziandika nyingi za namna hii. Akaweka jina kamili la mpwa wangu juu kabisa kwa herufi kubwa, chini yake akaandika kuwa mimi ni mlezi wake. Nilipoifikisha, karani aliisoma akaniuliza, "Mzee, kijana huyu sasa ana miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi mwenye kuomba ni yeye mwenyewe."

Alikuwa sawa. Ulezi wangu ulikwisha siku alipotimiza miaka 18. Kilichoniuma zaidi ni lile jina, kwa sababu watu wote waliokuwa foleni pale saiba walishaliona kwenye kioo cha kompyuta, pamoja na neno "mashtaka".

Kwa hivyo barua iandike nyumbani kwa mkono wako, inakubalika. Mtaje mwenye kesi kwa nambari ya kesi na herufi za mwanzo za jina, kama zinavyochapishwa hukumu zinazohusu watoto. Jina kamili litaonekana kwenye kitambulisho utakachoambatanisha, ndani ya bahasha iliyofungwa. Akiwa bado hajafika 18, mzazi au mlezi ndiye anayeomba, na aambatanishe cheti cha kuzaliwa au amri ya ulezi. Eleza sababu kwa sentensi mbili, na useme unachotaka hasa. Tuliomba "amri ya mwisho ya mahakama, nakala yenye mhuri", kwani kwa mtoto sheria haitumii maneno ya kutiwa hatiani, na karatasi yenye neno hilo hutaipata. Ada lipa kwa njia rasmi na risiti uiweke. Mtu wa nje ya lango anayeahidi kukutolea faili usimpe hata shilingi.

Ikiwa wewe si mhusika wa kesi, tuseme ni mtafiti au mwandishi wa habari, barua peke yake haitoshi. Utahitaji ombi rasmi na hati ya kiapo, na hakimu ndiye atakayeamua kwa kupima maslahi ya mtoto, ambayo kifungu cha 53 cha Katiba kinayatanguliza. Tumia wakili hapo.

Vielelezo ni jambo la peke yake. Picha, video, fomu ya P3 (ya polisi, inayojazwa na daktari kuhusu majeraha) au simu iliyoletwa kama ushahidi haviji pamoja na nakala ya amri. Taja kila kimoja unachokitaka na kwa nini. Usichelewe, maana kesi ikiisha mahakama huweza kuamuru kitu kirudishwe kwa mwenyewe au kiharibiwe.

Mpwa wangu aliandika barua yake mwenyewe, akaipeleka mwenyewe. Alipopata ukurasa wake mmoja aliupeleka kazini ndani ya bahasha. Mwenendo wa kesi, wenye maneno yote aliyoyasema akiwa na miaka 16, hatukuuomba. Umebaki masjala.