SOMO: Fangasi wa kuua minyoo fundo kwenye mipapai (soma kwanza ndio uulize)

Kila wiki inboksi swali ni lile lile, "mipapai imedumaa nimwagie nini", naandika hapa mara moja basi. Niko Mikindani, udongo kichanga, na minyoo fundo, yaani vijinyoo vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, kichanga ndio kwao.

1. Ng'oa mche mmoja unaoumwa, usiuonee huruma, osha mizizi. Ukiona imevimba kama tangawizi changa ndio wenyewe. Kama umechanganya na kunde angalia vizuri, vinundu vya kunde ukikwangua kwa ukucha vinabanduka, vya minyoo ni mzizi wenyewe umevimba.

2. Nunua pakiti iliyosajiliwa yenye Purpureocillium lilacinum, huyu anakula mayai ya minyoo. Tarehe angalia.

3. Weka samadi iliyoiva kwenye shimo la kupandia.

4. CHOMBO. Hapa ndio niliumia. Nilichukua bomba nililotoka kupulizia dawa ya ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) kwenye mikorosho, nikalisuuza mara moja nikajaza fangasi, saa sita mchana, na jua la huku mnalijua. Miezi miwili mbele nang'oa mche, vinundu vimejaa vile vile, nikamporomoshea muuzaji maneno weee, kumbe dawa ya ubwiriunga kazi yake ni kuua fangasi, nimewaua askari wangu mwenyewe ndani ya bomba na waliobaki jua likawamalizia juu ya mchanga. Siku hizi ndoo na kopo vya kazi hiyo tu. USITUMIE bomba la mikorosho hata ukilisugua na sabuni. Pakiti usiiache kwenye boda juani.

5. Mwagia shinani jioni, udongo una unyevu, kipimo cha pakiti.

MASWALI

– Mkuu nikichanganya na dawa ya ukungu nimalize yote mara moja?
Rudi namba 4.

– Nimemwagia juzi mbona majani bado ya njano?
Juzi?? Hao viumbe wanakua, sio petroli. Na mzizi ulioshavimba haurudi, unalinda mipya. Ndio maana naanzia kitaluni.

– Minazi yangu Lindi inakufa, nayo nimwagie?
Usipoteze hela. Ugonjwa wa kunyong'onyea wa minazi sio minyoo, ni vijidudu jamii ya bakteria ndani ya mishipa ya mti.

– Naomba kujifunza tu, mnyoo anaweza kuua mti mkubwa kabisa?
Swali zuri dada. Anaua. Kuna mnyoo wa misonobari asili yake Amerika Kaskazini, miti ya kule imemzoea, alipoingia Japani mwanzoni mwa miaka ya 1900 misonobari ikakauka mpaka leo wanahangaika, Ureno akaonekana 1999. Anasafiri ndani ya mbawakawa mwenye papasio ndefu, anakaa kwenye mbao yenyewe, kumwagia shinani hakumfikii. Wataalamu wanajaribu fangasi anaitwa Esteya vermicola, spora zake (ndio mbegu zake) zimejikunja kama ndizi, zinamnata mnyoo mwilini, zinachipua kuingia ndani zinamla. Kwenye majaribio inasaidia zaidi mti ukipewa kabla haujaumwa, yale yale ya kitaluni.

– Huku Songea tunapanda marejea (mmea jamii ya kunde) kabla ya mboga, minyoo inapungua na udongo unapata mbolea.
Hii kweli kabisa, nilisahau kuandika. Mbegu unazo? Nifungie kilo moja uipandishe basi la Masasi, nauli juu yangu.

– Bei ya fangasi shingapi?
Uliza dukani kwenu ndugu.