Somo: Kucheza kamari kwa mipaka, na kutafuta msaada mchezo unapokuzidi nguvu

Ndugu wanachama, somo hili linawahusu wale wanaobeti mara mojamoja na wangependa kubaki hapo, na pia wale ambao mchezo umeshaanza kuwaendesha. Nimeandika zaidi kwa ajili ya hao wa pili, kwa sababu wengi wao hulaumu udhaifu wa nia yao, wakati jambo linaloweza kuwaokoa ni kuweka umbali kati ya mkono na pesa.

Hatua ya kwanza: ijue hesabu kabla ya kuweka pesa

Gurudumu la ruleti la Ulaya, yaani la ule mchezo wa kasino wa kubahatisha mpira utaangukia kishimo kipi, lina vishimo 37: vyekundu 18, vyeusi 18 na kimoja cha sifuri. Anayechagua nyekundu hulipwa kana kwamba nafasi yake ni nusu kwa nusu, ilhali kile kishimo cha sifuri humwachia mwenye kasino wastani wa asilimia 2.7 ya kila kinachowekwa. Mkeka, yaani tiketi moja ya mechi kadhaa ambazo ni lazima zote zitiki ndipo ulipwe, ni mkali zaidi. Ukichagua mechi 10, na kila chaguo lina nafasi ya nusu, nafasi ya zote kutiki ni 1 kati ya 1,024. Na ikiwa kampuni imepunguza malipo ya kila mechi kwa asilimia 5, makato hayo yanazidishana, hata tiketi nzima ikawa na thamani ya takriban asilimia 60 tu ya pesa uliyoweka.

Wala usidhani kwamba baada ya kukosa mara nyingi zamu yako imekaribia. Mwaka 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza pesa nyingi kwa kung'ang'ania nyekundu, wakiamini kwamba sasa ni lazima itoke. Gurudumu halina kumbukumbu.

Hatua ya pili: panga kiasi na muda ukiwa umetulia

Pesa ya kuchezea ni ile ambayo ikipotea yote haitagusa kodi, ada wala chakula. Usikope ili ucheze, na usicheze ukiwa umelewa, una hasira au umetoka kugombana na mtu. Ikiwa akaunti yako inaruhusu kuwekewa kikomo cha kuingiza pesa, kiweke kabla ya mchezo wa kwanza.

Hatua ya tatu: zitambue dalili

Uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 uliwekwa katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni kucheza ili kurudisha kilichopotea. Nyingine ni kuongeza dau ili kupata msisimko uleule, kuficha na kudanganya, kukopa, na kukosa utulivu kila unapojaribu kuacha. Mtu anayegeuza simu kifudifudi mwenzake anapoingia chumbani, au anayekesha akifuatilia ligi ambayo hata timu zake hazijui, asisubiri hadi afilisike ndipo aombe msaada.

Hatua ya nne: funga milango yote kwa pamoja

Mweleze mtu mmoja unayemwamini ukweli wote, ukitaja kiasi halisi cha deni. Kisha mkabidhi usimamizi wa pesa zako kwa muda, omba kampuni zikufungie akaunti, weka programu ya kuzuia tovuti za kamari, na uulize benki yako kama inaweza kuzuia malipo ya aina hiyo. Nchini Uingereza, kujiandikisha mara moja katika GAMSTOP humfungia mtu kampuni zote za mtandaoni zenye leseni huko. Pasipo na utaratibu kama huo, itabidi uiandikie kila kampuni. Ukifunga tatu ukaacha moja, utarudi kupitia hiyo moja.

Tiba ipo. Ushauri nasaha unaomsaidia mtu kubadili fikra na mazoea yake umewafaa wengi, na vikundi vya Gamblers Anonymous, vilivyoanzishwa Los Angeles mwaka 1957, hukutanisha waraibu bila ada. Ikiwa deni limekufikisha kwenye mawazo ya kujiua, acha hatua nyingine zote: nenda hospitali au mwite mtu akae nawe sasa hivi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mume wangu amekiri kuwa na madeni ya kamari. Je, nimlipie?*

Dada, usimpe pesa mkononi. Mketi pamoja, muandike kila deni na mdai wake, na kama utasaidia, mlipe mdai moja kwa moja. Akaunti yako itenganishe na yake, wala usimdhamini kwa mkopo mpya.

*Nikisharudisha pesa yangu nitaacha. Kuna ubaya gani?*

Ndugu yangu, huko ndiko kukimbizana na hasara nilikokutaja. Pesa hiyo ihesabu kuwa imekwenda, na deni lililobaki lilipwe kwa kipato chako, kidogokidogo.

*Baba yetu ana ugonjwa wa Parkinson. Hakuwahi kucheza kamari, lakini tangu abadilishiwe dawa hatoki kwenye mashine. Uzee?*

Huenda ni dawa. Baadhi ya dawa za Parkinson, zikiwemo pramipexole na ropinirole, zinajulikana kumletea mgonjwa tamaa ya kamari asiyoweza kuizuia. Msimgombeze mzee, na msimwachishe dawa ghafla, kwa kuwa kufanya hivyo kunaweza kumdhuru. Mpelekeni kwa daktari wake mapema na mumweleze tabia hii ilianza lini, ili apime kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Wakati huohuo, kadi yake ya benki ishikwe na mmoja wenu kwa ridhaa yake.