Kijiko kikichoka: tafuta tatizo la haidroliki kabla hujafungua pampu

Simu nyingi ninazopokea, iwe ni kutoka Kasulu, Uvinza au Kaliua, huanza vilevile: "Fundi, kijiko kimechoka." Mara nyingi mwenye kijiko, yaani ekskaveta, ameshaulizia bei ya pampu Dar es Salaam. Namwomba asitume hela kwanza. Pampu ni ya mwisho kufunguliwa, na kazi ya kabla yake inahitaji geji mbili za presha, tochi, saa ya simu na masikio.

Hatua ya 1: Muulize opereta

Kijiko kimechoka vipi? Baketi inaingia kwenye udongo kisha inakwama, au inachimba vizuri ila inakwenda polepole? Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Nguvu inatoka kwenye presha. Kasi inatoka kwenye wingi wa oili inayofika kwenye silinda kila dakika. Mtambo unaokwama penye udongo mgumu umekosa presha, kwa hiyo shuku rilifu valvu (inayoachia oili presha ikizidi kiwango) au oili inayovuja kwa ndani. Mtambo mzito wa mwendo umekosa oili ya kutosha: pampu haitoi oili yake yote, presha ya pailoti (oili ya presha ndogo inayopeleka amri ya levya kwenye valvu) iko chini, au injini imelegea.

Kisha uliza: ni kazi zote au moja? Kama bumu (mkono mkubwa) peke yake ndiyo inasumbua, iache pampu, maana hiyohiyo inalisha na vingine. Imeanza asubuhi oili ikiwa baridi, au baada ya kupata joto? Usimkatize. Mtu anayeshinda kwenye kile kiti kutwa nzima anaujua mlio uliobadilika, hata kama jina la kifaa halijui.

Hatua ya 2: Oili na injini

Simamisha mtambo mahali tambarare, uangalie kioo cha tangi. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Yenye povu inanyonya hewa: kagua klampu na oringi (mipira ya kuzibia) za bomba kati ya tangi na pampu. Pampu inayonyonya hewa hulia, na ukichelewa itakufa kweli.

Injini nayo ipewe haki yake. Weka mwendo wa juu, kunja baketi hadi mwisho, shikilia. Injini ikizama sana na kutoa moshi mweusi, anza na filta za hewa na dizeli. Isipouhisi mzigo hata kidogo, rudi kwenye haidroliki.

Hatua ya 3: Joto

Hapa naomba utulie, kwa sababu kiangazi cha huku kinadanganya mafundi wengi. Niliitwa kwenye machimbo ya changarawe upande wa Uvinza. Ekskaveta ya tani 20, asubuhi inachimba safi, ikifika saa tano imelegea kila kitu. Walishafunga pampu nyingine, hali ikabaki ileile. Nikawasha tochi upande wa feni, kijana wangu akasimama upande wa pili wa rejeta. Hakuona mwanga. Kwa mbele rejeta ya oili ilionekana safi, lakini katikati, inapopakana na ya maji, vumbi jekundu na mbegu za majani vilishikana na mafuta vikawa kama zulia. Tuliosha kwa maji tukisukuma kinyume na upepo wa feni, bila kusogeza mpira wa maji karibu, mapezi (mabati yake membamba) yasipinde. Ilichimba hadi jioni.

Oili ikipata joto kupita kiasi huwa nyepesi, na kila uwazi mdogo ndani ya pampu, valvu na silinda huanza kuipitisha. Kwa kawaida nyuzi 50 hadi 80 ni salama. Ikiwa rejeta ni safi na joto halipandi, lakini nguvu bado inapotea oili ikishapata moto, sasa unatafuta kifaa kilicholika.

Hatua ya 4: Linganisha cheni

Inua upande mmoja kwa bumu, zungusha cheni ya kutembelea mizunguko mitatu ukipima kwa saa. Rudia upande wa pili. Mitambo mingi ina pampu kuu mbili, kila cheni na yake. Cheni moja ikiwa nzito, zima, toa presha, kisha badilishana hozi za mota mbili zinazozungusha cheni. Uzito ukihamia upande wa pili, mota haina kosa. Tafuta nyuma yake, oili inakotoka, kuanzia jointi ya katikati inayopitisha oili kutoka mwili wa juu unaozunguka kwenda chini. Ukibaki palepale, ni mota.

Hatua ya 5: Geji

Kabla ya kulegeza chochote, shusha baketi chini, zima injini, washa swichi tu, chezesha levya zote, kisha fungua pumzi ya tangi (kifuniko cha kutolea hewa). Usitafute uvujaji kwa kiganja, tumia kipande cha boksi. Oili ya presha hutoboa ngozi kama sindano, na tundu dogo lisilouma linaweza kukuondolea mkono. Ikikuingia, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Geji ya baa 600 (baa ni kipimo cha presha) iende kwenye pampu kuu, ya baa 60 kwenye pailoti. Oili ikiwa na joto la kazi, kunja baketi hadi mwisho na ushikilie. Mitambo mingi ya tani 20 husoma karibu baa 340 hadi 350, na pailoti 35 hadi 40. Kitabu cha mtambo wako ndicho chenye neno la mwisho. Pailoti ikiwa chini, kila kitu kitakuwa kizito, na mara nyingi dawa ni filta yake ndogo. Presha kuu ikiwa chini, safisha rilifu valvu kwanza. Ukilazimika kugusa skrubu yake, weka alama ya rangi, zungusha kidogo kidogo ukiitazama geji.

Vyote vikiwa sawa na presha bado haifiki, fungua filta ya oili inayorudi kutoka kwenye mwili wa pampu. Ukikuta chembe za njano za shaba, pampu imelika. Hapo mpigie muuzaji. Safisha tangi, badilisha filta zote, na ujaze oili ndani ya mwili wa pampu mpya kabla ya kuwasha injini.