Jinsi ya kuunga plastiki ya PC+ABS isipasuke tena

Kava la dashibodi au ganda la kioo cha pembeni likipasuka, jambo la kwanza linalofanyika gereji nyingi ni kupaka supaglu au kupitisha chuma cha moto juu ya ufa. Baada ya muda ufa unarudi palepale. Kosa huwa moja kati ya mawili: plastiki haikutambuliwa, au haikukaushwa. Kwa pwani ya Mtwara na Lindi, hilo la pili ndilo linaloharibu kazi nyingi zaidi.

Anza kwa kugeuza kipande usome nyuma. Katikati ya mabano yenye ncha utakuta herufi: >PC+ABS<, >PC+PBT< au >PC+ASA<. PC ni polikaboneti, na inayotangulia kuandikwa ndiyo iliyo nyingi zaidi kwa uzito. Polikaboneti peke yake ni imara na hailegei hadi karibu nyuzi 147 za Selsiasi, ila ikiyeyuka huwa nzito na haijazi kalibu (umbo la kumiminia) vizuri. ABS ni plastiki nyingine: hulegea mapema, karibu nyuzi 105, lakini hutiririka, bei yake nafuu, na ina chembe za mpira zinazomeza kishindo. PBT, nayo plastiki, huchanganywa kwa ajili ya sehemu zinazogusana na petroli na grisi. ASA, inayofanana na ABS, ni ya sehemu za juani, kwa sababu mpira ulio ndani ya ABS ndio unaoliwa na jua kwanza. Ukikuta PP (polipropilini) na EPDM (aina ya mpira), kama zilivyo bampa nyingi, mwongozo huu haukuhusu: ufito wa PC+ABS, yaani kijiti cha plastiki cha kuyeyushia kwenye ufa, hautashika hapo hata uuchome vipi.

Alama ikiwa imefutika, tumia chumvi, na huku chumvi si kitu cha kutafuta. Ile ghafi ya mashamba ya chumvi ina maji ndani, kwa hiyo ianike na uiponde kwanza. Chupa ya kwanza: lita 1 ya maji na gramu 110 za chumvi. Chupa ya pili: lita 1 na gramu 350, hapo utakoroga sana, na kama umetumia maji ya moto yaache yapoe kabisa. Kata kipande kama ukucha kutoka sehemu isiyoonekana, kwangua rangi yote, kipake sabuni kidogo ili viputo vya hewa visikibebe, kisha kitumbukize.

PP huelea hata kwenye maji matupu. ABS huzama kwenye maji matupu, lakini huelea chupa ya kwanza. PC+ABS huzama ya kwanza na kuelea ya pili. PC+PBT huzama zote mbili. Kikisitasita katikati ya chupa ya pili, hiyo yaweza kuwa polikaboneti tupu. Plastiki yenye nyuzi za kioo au unga wa talki hudanganya kipimo hiki.

Ukishaitambua plastiki, osha kipande kilichopasuka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha futa kwa spiriti kidogo. Petroli, tina na asetoni marufuku. Plastiki hii ina mkazo uliojificha, hasa kuzunguka matundu ya skrubu, na vimiminika hivyo vikiingia pale huleta nyufa nyembamba kama nywele. Unaweza usizione siku hiyo. Soda kali (kostiki) nayo huila polikaboneti.

Toboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee. Upande wa nyuma, chonga mfereji wa umbo la V hadi theluthi mbili ya unene.

Sasa ukaushaji. Plastiki hii hunywa unyevu wa hewani bila kuonekana imelowa, na kuanzia Desemba hadi Aprili hewa ya huku imejaa maji. Ukiichoma hivyo, maji hayo hukata minyororo ya molekuli za polikaboneti, na kiungo huwa kama biskuti. Weka kipande na ufito kwenye oveni ya nyuzi 80 hadi 90 kwa saa 3 au 4. Kipimajoto cha oveni ni lazima, maana ukifika 105 kava litapinda. Oveni ya mkaa ya kuokea keki inafaa ikiwa joto lake halipandi na kushuka. Kuning'iniza kipande juu ya jiko hakufai. Jua pekee halitoshi. Kipande kikubwa kisichoingia ovenini, kausha angalau ufito, na upashe mfereji joto la chini kwa muda mrefu.

Ufito mzuri hukatwa kutoka kava bovu lenye alama ileile, upana wa milimita 4 au 5. Ukitoka ovenini utumie papo hapo, au uufungie kwenye kopo lisilopitisha hewa.

Weka mashine ya upepo wa moto karibu nyuzi 350 mdomoni. Pasha mfereji na ufito pamoja hadi nyuso zote zing'ae, kisha sukuma ufito polepole. Ukiona povu dogo dogo kama la uji unaochemka, simama: bado kuna maji, rudi ovenini. Ikigeuka kahawia na moshi ukiwasha macho, umezidisha joto. Kwangua sehemu hiyo yote. Fanyia kazi nje, upepo ukiwa mgongoni.

Nyuma ya kiungo zamisha kipande cha wavu wa chuma kisichoshika kutu. Wavu wa kawaida utaliwa na chumvi ya hewani. Acha kipoe chenyewe, usimwagie maji, kwani kupoza kwa ghafla kunaongeza ule mkazo. Wakati wa kufunga, skrubu ikishika inatosha, na gundi ya kuzuia nati isilegee isiguse plastiki hii.

Helmeti iliyopasuka haichomelewi, hata kama ganda lake limeandikwa PC+ABS. Ikate vipande ili mwingine asije akaivaa.