Kabla ya kupanda Nkungwe: mambo ya kuzingatia ukiwa bado Kigoma mjini

Mlima Nkungwe si mrefu wa kutisha. Kilele chake kiko mita 2,462 kutoka usawa wa bahari, hata nusu ya Kilimanjaro hakifiki, na mtu mwenye pumzi ya kawaida anakifikia. Kinachowashinda watu ni mazingira ya mlima wenyewe. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,613, na ndani yake hamna barabara. Ukishuka kwenye boti, kilichobaki ni miguu. Duka hakuna, bodaboda hakuna, na simu inashika pale inapojisikia. Ndiyo maana mtu akiniuliza ajiandae vipi kwa siku kadhaa za kutembea kule juu, yeye huanza na viatu, mimi huanza na boti ya kurudi.

Panga kurudi kwanza. Mahale iko kusini mwa Kigoma mjini, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya Ziwa Tanganyika. Kuna wanaokodi boti, kuna wanaopanda boti za abiria zinazogusa vijiji vya mwambao, na kuna wanaopita Uvinza kwa gari hadi vijiji vya jirani na hifadhi kisha wanamalizia kwa boti. Njia zote zinafika. Swali ni nani atakuchukua siku ya kutoka, na asipokuja utafanyaje. Boti za abiria hazisubiri mtu aliyechelewa mlimani, na ratiba yake hubadilika kwa mafuta, kwa injini, kwa abiria wachache. Weka siku moja au mbili za akiba mwishoni, na ubebe chakula cha siku hizo. Mwenye kazi ya kuingia Jumatatu asubuhi asipange kufika Kigoma Jumapili jioni. Na wale wanaosimuliwa habari za MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913 na bado ikitajwa kama jamaa wa ukoo, waulize kwanza bandarini kama inasafiri, ndipo waiweke kwenye mpango.

Ziwa lenyewe liheshimiwe. Tanganyika ina kina cha mita zipatazo 1,470, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kiasi cha kunyanyua mawimbi yanayoingia ndani ya mtumbwi. Ondoka alfajiri. Kama mwenye boti anataka kung'oa nanga saa nane mchana kwa sababu alikuwa anasubiri mzigo, una haki ya kukataa, hata kama umeshalipa. Kabla ya kutoa hela, omba kuyaona majaketi ya kuokolea maisha kwa macho yako na uyahesabu. "Yapo, yapo" si hesabu. Uliza kama kuna injini ya akiba na mafuta ya kurudi. Mizigo ifungwe juu ya turubai na chini ya turubai, na vitu vya kulalia vikae kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, maana maji ya boti huingia kutoka pande zote mbili.

Majira ya kwenda ni mjadala usioisha. Mvua za Kigoma huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kipindi hicho njia za mlimani huteleza, vijito hufurika, na ukungu hukaa kileleni. Kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Wengi hupenda Agosti na Septemba kwa kuwa nyasi zimeshakauka na njia inaonekana. Mimi naona Juni na Julai ni bora: vijito vya juu bado vina maji, na anga halijajaa moshi wa mioto ya miombo. Kasoro yake ni nyasi ndefu zenye umande, ambazo zitakulowesha suruali hadi kiunoni kabla ya saa mbili asubuhi.

Suala la ruhusa halina njia ya mkato. Ndani ya hifadhi hutembei peke yako. Unatembea na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu kuna nyati na chui. Wasiliana na ofisi ya hifadhi mapema, useme wazi kwamba unataka kupanda mlima na kulala huko, siyo kuangalia sokwe tu, kwa kuwa wengi wanaofika wanakwenda kwa ajili ya sokwe na maandalizi yao ni tofauti. Kupanda Nkungwe na kurudi kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tatu. Ukitaka kuunganisha matuta ya milima zaidi ya hapo, uliza hali ya njia, kwa sababu njia isiyopitwa msimu mmoja humezwa na pori. Malipo ya serikali hufanyika kwa namba ya malipo, kwa hiyo yamalize mjini penye mtandao, uchapishe risiti, na ubebe kitambulisho cha taifa ili utozwe kiwango cha Mtanzania.

Kuhusu wapagazi: waombe kupitia hifadhi, na mpatane kabla ya kuondoka ufukweni. Mpatane malipo ya siku, uzito wa kila mmoja, na nani anabeba chakula chao. Hili la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Mpagazi anakula kuliko wewe kwa kuwa anafanya kazi kuliko wewe, na anahitaji blanketi. Mita zipatazo 1,700 juu ya ziwa, joto la usiku linaweza kuwa pungufu kwa nyuzi kumi hivi kulinganisha na ufukweni. Kundi linalojaza mahema na mifuko ya kulalia ya wageni huku wabebaji wamejikunja kwenye kanga moja karibu na majivu halijajiandaa, hata liwe na vifaa vya gharama gani.

Milima hii ilikuwa ya Watongwe kabla haijawa hifadhi mwaka 1985. Nkungwe kwao ni mlima wa mizimu, na njia ya kuupanda inafuata nyayo za waliokuwa wakienda kuomba huko. Muulize kiongozi wako mahali gani pana miiko, na kama kuna mzee kijijini wa kumpitia na kumwamkia, mpitie. Haichukui muda, na mara nyingi ndiye atakayekwambia kijito kipi kimekauka mwaka huu.

Sasa begi. Kanuni inayotumika kwa wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi moja ya tano ya uzito wa mwili, kwa hiyo mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya 12. Usikisie. Nenda sokoni Mwanga na begi lako limeshajaa, umwombe muuza dagaa akutundikie kwenye mizani yake ya kuning'iniza. Watakucheka, lakini utajua. Kisha kumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na kwenye matuta ya juu wakati wa kiangazi unaweza kuhitaji kubeba lita tatu kutoka kijito cha mwisho. Begi lililogota kilo 12 bila maji, kwa hiyo, ni kilo 15.

Watakaotoa vitu huanza na nguo, nao wako sawa. Suruali mbili ndefu zinatosha, moja ya kutembelea na moja kavu ya kulalia ambayo haiguswi mchana hata inyeshe vipi. Shati la mikono mirefu, sweta zito, koti la mvua, kofia ya baridi, soksi za kutosha. Rangi zina maana: mbung'o huvutwa na bluu na nyeusi, na huuma kupitia kitambaa chepesi, kwa hiyo jinzi yako mpya ibaki Kigoma. Kaki na kijani cha majani makavu ndizo rangi za huko. Chomeka suruali ndani ya soksi. Utaonekana mshamba hadi siku utakapokanyaga msafara wa siafu.

Viatu viwe vimeshavaliwa wiki kadhaa. Wakati wa mvua kuna wenyeji wengi wanaoamini gamboti kuliko buti za dukani, na kwa tope wana hoja, ingawa kwenye mteremko mkali kifundo cha mguu hakipati msaada wowote. Yeboyebo za kambini na za kuvukia vijito ni nyepesi, zibebe. Kuhusu mazoezi, Kigoma imetupa vilima bure. Panda kutoka stesheni hadi Mwanga ukiwa na begi lenye mzigo, jioni tatu nne kwa wiki, kwa mwezi mzima. Halafu shuka nalo, maana mlimani kupanda kunachosha mapafu lakini kushuka ndiko kunakovunja magoti.

Chakula ni mahali ambapo nina msimamo. Kila kundi lina mtu asiyeweza kulala bila ugali, na sisi watu wa huku wengi tuko hivyo. Sawa, lakini ugali unakula maji na gesi. Uwe mlo mmoja wa jioni, na unga wa muhogo ukiweza, kwa kuwa unaiva haraka kuliko wa mahindi. Asubuhi iwe uji. Mchana usipike kabisa: karanga za kukaanga, kashata, chapati za siku ya kwanza, mayai ya kuchemsha ya siku hiyo hiyo. Dagaa wakavu wa Kigoma hawana mshindani mlimani. Ni wepesi, hawaozi, na konzi mbili zinatosha sufuria ya watu watatu. Migebuka iliyobanikwa ni tamu zaidi lakini harufu yake inaita wanyama, na ikishalowa ndio basi. Mawese yatie kwenye chombo chenye mdomo mpana. Kwenye chupa ya soda yataganda kwa baridi ya usiku, na asubuhi mtakuwa mnaikamua chupa kama dawa ya meno. Pikia jiko dogo la gesi, na suala la moto wa kuni liamuliwe na askari, siyo na wewe. Takataka zote zinashuka nanyi, na mifuko laini ya plastiki usiipeleke kabisa. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Maji ya vijito vya Mahale yanavutia kwa weupe wake. Yachemshe hata hivyo. Chini, mchemko wa dakika moja unatosha. Ukipita mita 2,000 fanya dakika tatu. Vidonge vya klorini viwe akiba kwa siku ambayo gesi imekwisha, na vitumike kama pakiti inavyoelekeza. Ufukweni, epuka kuoga kwenye maji yaliyotulia yenye matete karibu na makazi, kwa sababu ya kichocho na mamba.

Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, hivyo sanduku la dawa lianzie hapo: chandarua, dawa ya kujipaka, kipimo cha haraka na dozi ya mseto uliyopewa na mtaalamu akakueleza namna ya kuitumia. Usimeze mseto kwa sababu kichwa kinauma, pima. Ongeza ORS (chumvi ya kurudisha maji mwilini), plasta za malengelenge, bandeji ndefu, dawa ya maumivu na dawa zako za kila siku kwa siku zaidi ya ulizopanga. Aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hanyonywi, hafungwi kamba kwa kukaza; anatulizwa, kiungo kinazuiwa kisitikisike, anabebwa kushuka. Na hapo ndipo swali la boti linarudi, kwa kuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko Kigoma mjini, ng'ambo ya maji hayo yote. Ulizia kabla kama kituo cha hifadhi kina boti na redio ya mawasiliano, na ufahamu nani anapaswa kuitwa.

Andika mpango wako kwenye karatasi na umwachie ndugu anayeaminika: jina la mwenye boti, tarehe ya kuingia, njia mtakayopita, tarehe ya kutoka, na saa ambayo akikosa habari zako aanze kupiga simu. Ramani ipakue kwenye simu ukiwa mjini. Ukiingia porini zima mtandao wa simu, kwa sababu simu inayotafuta mnara usiopo humaliza chaji kwa nusu siku, na pawabenki usiku ilale nawe ndani ya blanketi.

Jambo moja lenye uwezo wa kusimamisha safari nzima: mafua. Sokwe hushika magonjwa yetu. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa uliua sokwe kadhaa wa kundi la M, lile ambalo watafiti wa Kijapani, tangu enzi za Toshisada Nishida aliyefika Mahale mwaka 1965, wamelifuatilia kwa muda mrefu. Mtu anayekohoa asiende, hata kama ameshalipa kila kitu. Walio wazima wabebe barakoa, wakae mita 10 au zaidi wakikutana nao njiani, na wasile chochote mbele yao.

Ukirudi, hema ulianike, buti uzitoe udongo, na tarehe uliyoshuka uiandike mahali. Homa ikikupata wiki mbili tatu baadaye, nenda ukapime malaria, lakini mwambie daktari bila kungoja akuulize kwamba ulikuwa porini Mahale na mbung'o walikuuma, ili aangalie na malale.