Umoja wa wenye nyumba ukikuandikia "vunja"

Usijibu siku hiyohiyo. Mimi nilijibu, tena kwa sauti, barabarani, watoto wakitazama. Jirani yangu wa chini hakunisalimia mpaka mvua zikaisha.

Nyumba yangu iko Gungu, hapa Kigoma, kwenye mteremko. Nilipanua kibaraza nipate kivuli cha kuweka cherehani. Ikaja barua ya umoja wetu: vunja ndani ya siku 7, umeziba njia.

Soma katiba ya umoja uone kama ulitia saini. Ulichosaini kinakubana. Hata hivyo, umoja wa mtaani hauna mamlaka ya kuja na nyundo kubomoa kwa mtu. (Mwenye sehemu kwenye jengo la ghorofa ana sheria yake ya mwaka 2008, na kanuni za wenye jengo zinamhusu moja kwa moja.)

Kisha tafuta bikoni, yaani jiwe la zege la mpaka wa kiwanja, kabla hujabishana na yeyote. Nilifyeka majani kwenye kona, nikachimba taratibu mpaka jembe likagonga zege, nikafunga kamba na kuivuta hadi bikoni ya pili. Kibaraza chote kilikuwa ndani ya kiwanja changu. Nikashukuru. Halafu nikafuata kamba kwa macho, nikaona nguzo moja imekanyaga mtaro. Maji yote ya juu hupita hapo yakishuka kuelekea ziwani. Yangeingia kwa yule jirani. Kumbe hofu yao ilikuwa maji, ila barua ikaandika njia. Usipoiona bikoni, mwite mpima ardhi. Usiisogeze kamwe, ni kosa la jinai.

Kibali pia. Hata kupanua tu kunataka kibali cha manispaa, nami sikuwa nacho. Nenda mwenyewe na ramani kabla hujapigwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Sasa ndipo ujibu, kwa barua, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa, na picha za kamba. Omba kikao kifanyike palepale kiwanjani. Jirani aliinama mtaroni, akasema, "Mama, mimi shida yangu hii hapa tu." Makubaliano yaandikwe, kila mmoja asaini.

Mkishindwana, nendeni Baraza la Kata. Tangu 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sisi hatukufika huko. Fundi aling'oa nguzo, akaisogeza sentimita 40, akausafisha mtaro hadi kwenye kalavati.