Mto wa Mbu mpaka Ziwa Natron na pikapu: korongo kwanza utembee kwa miguu

Wengi wanaoniuliza njia ya Natron wanaanza na injini, eti Land Cruiser ipi inafaa, wakati gari nyingi nilizozikuta zimekwama kule zilikuwa nzima kabisa, dereva ndo alikuwa na haraka. Toka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, ni kama kilomita 120 tu ila we tenga siku nzima.

Mafuta jaza tenki Mto wa Mbu na dumu la lita 20 juu yake, maji usiyapimie maana joto la kule bondeni halina utani. Beba spea mbili kama unazo, beleshi, pampu, geji ya upepo na kipande cha ubao mpana, jeki ukiiweka kwenye mchanga mtupu inazama yenyewe na gari linabaki palepale. Hela taslimu pia, kuna mageti ya ushuru njiani, risiti usitupe.

Utakuta barabara imejikunja kama bati, hapo shusha upepo, mi natoka psi 40 naenda 28 hivi, mchanga mweusi ukizidi huko mbele ya Engaruka nafika 20, ila ukishashusha usikimbize wala usikate kona kwa fujo, tairi litachomoka kwenye rimu. Kuna wanaosema ukikanyaga 80 bati halisikiki. Kweli halisikiki, ila na gari halishiki njia, na mi kuna shokomzoba ya nyuma niliiacha huko kwa kuamini hayo maneno.

Sasa makorongo. Simama juu, shuka, tembea mpaka ng'ambo, kanyaga mchanga kwa kisigino uone unazama kiasi gani, angalia ukingo wa kutokea kama umeliwa na maji, tafuta alama za tairi za karibuni. Fowili (tairi zote nne zivute) weka ukiwa bado juu, gari la zamani funga kwanza loki za tairi za mbele, halafu gia ya pili ya loo (zile gia nzito za fowili), ingia na mwendo mmoja, katikati hakuna kubadili gia. Tairi zikizunguka na gari halisogei ACHA mafuta, kila ukikanyaga unajichimbia kaburi, fukua mchanga nyuma ya tairi, punguza upepo tena, rudi kwa njia uliyoingilia.

Korongo likiwa na maji subiri. Mvua inanyesha huko juu ukingoni mwa bonde, kwako jua kali, ghafla korongo linashuka tope na magogo. Mwezi wa nne mi siendi kabisa.

Ukishaiona Lengai, ule mlima wa volkano, mkono wa kushoto, lile vumbi jepesi kama unga ni majivu yake, ililipuka kwa nguvu 2007 hadi 2008. Ndo maana ukifika Engaresero, kabla hujaoga, fungua ea klina (chujio la hewa ya injini) uigongegonge kwenye tairi, utashangaa kitakachomwagika.